Mwili wangu, nyumba yetu: juu ya ugomvi wa waliochanjwa na wasiochanjwa

Utangulizi

Katika kitabu kama hiki watu huandika juu ya mahari, matanga, na majina tunayowapa watoto wetu. Sisi tumechagua jambo ambalo mtu anaweza kusema si la desturi: ugomvi kati ya wale waliopokea chanjo na wale walioikataa. Mtu atasema hiyo ni kazi ya waganga wa hospitali, mwalimu anatafuta nini hapo?

Lakini sisi tuliokuwa Butembo mwaka wa 2018 na 2019 tunajua kama ugomvi huo haukubakia kwenye kituo cha afya. Uliingia ndani ya nyumba na ukakaa kwenye sahani ya bugali. Tuliona ndugu wanakataa kusalimiana, na watoto wanakatazwa kucheza kwa jirani. Mambo kama hayo ya kukaa pamoja ndiyo kazi ya desturi tangu zamani.

Swali letu ni hili: mtu akisema "mwili huu ni wangu", je, amemaliza maneno?

1. Ndugu wawili wa ua mmoja

Tuanze na jambo tuliloliona kwa macho. Jirani zetu walikuwa ndugu wawili, nyumba mbili ndani ya ua mmoja, pamoja na mama yao mjane. Mkubwa anauza mafuta ya mawese sokoni. Mdogo ni motari. Siku moja mtu wa barabara yetu akashikwa na Ebola, na watu wa afya wakaja kuandika majina: wale waliomgusa, na wale waliokutana na waliomgusa. Ndivyo chanjo ile ilivyotolewa, kama kuzungushia nyumba moja ukigo ili moto usiruke. Namna hiyo ilitumiwa zamani kumaliza ndui duniani.

Mdogo akapokea sindano siku hiyo hiyo, kwa sababu alikuwa akibeba wagonjwa kwenye moto yake. Mkubwa akakataa. Tulisikia maneno yao kupitia ukuta.

"Tangu 2014 watu wa Beni wanachinjwa na mapanga," mkubwa alisema, "tulilia, hakuna mwenye alikuja. Leo juu ya huu ugonjwa wanakuja na magari meupe. Nani aliwaambia wanipende hivyo? Mwili huu ni wangu, si wa Leta."

Mdogo akajibu: "Mwili ni wako, yaya, lakini ugonjwa hautauliza mlango wako ni gani. Ukiuleta hapa, utaniulia watoto."

Tangu siku hiyo, bibi ya mdogo akakataza watoto wake kula kwa baba yao mkubwa. Na mkubwa naye akaanza kuambia watu sokoni kama ndugu yake amekula pesa ya Ebola. Ugomvi ukaendelea wiki nzima.

2. Mwenye kukataa hakuwa mjinga

Sisi tuliosoma tuna tabia mbaya: mtu akikataa tunachokubali sisi, tunasema hana akili. Tuangalie vizuri.

Ugonjwa ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 kule Mangina, na ulitangazwa kuwa umekwisha tarehe 25 Juni 2020. Watu 3.470 walihesabiwa kuwa wagonjwa, na 2.287 kati yao walikufa. Si uongo, tulizika. Lakini katikati ya mambo hayo, mwezi wa Desemba 2018, watu wa Beni na Butembo waliambiwa kama hawatapiga kura pamoja na nchi nzima, na sababu moja iliyotajwa ilikuwa Ebola. Soko lilikuwa wazi, makanisa yalikuwa yanajaa, lakini kura ndiyo ilionekana ya hatari. Mtu akijiuliza maswali hapo, tumwite mjinga?

Tena kulikuwa na mambo ya chanjo yenyewe ambayo hayakuelezwa mapema. Chanjo ile haiwezi kumpa mtu Ebola: ilitengenezwa kwa virusi vingine vya mifugo, vikavishwa kipande kimoja tu cha Ebola. Lakini inaweza kuleta homa na maumivu ya viungo kwa siku chache. Na kinga yake inahitaji siku kama kumi ili isimame. Basi mtu aliyekuwa ameshashikwa na ugonjwa bila kujua, akichanjwa leo, aliweza kuugua na kufa wiki ileile. Majirani waliona sindano, halafu waliona jeneza. Wakaunganisha mambo mawili hayo, kama mtu yeyote angefanya. Tena mwanzoni wamama wenye mimba na wanaonyonyesha hawakuchanjwa. Waliingizwa mwaka wa 2019. Watu waliuliza: kama ni nzuri, juu ya nini wanamuogopesha mama? Na mwezi wa Julai 2019 waziri wa afya, Oly Ilunga, alijiuzulu. Kati ya mambo aliyoyapinga ni kuleta chanjo ya pili. Kama wakubwa wenyewe hawakusikilizana, mtu wa sokoni afanye nini?

Kuna pia kumbukumbu ya zamani zaidi. Wakati wa Wabeleji, katika vita vya ugonjwa wa malale, watu walipangwa mistari, wakapapaswa shingo, wakadungwa, na sehemu nyingine mtu hakuruhusiwa kusafiri bila karatasi ya daktari. Wengine waliponyeshwa kweli. Lakini hakuna aliyewauliza. Babu zetu walijifunza kama sindano inakuja pamoja na amri.

Tunasema hivi si kwa kumsifu aliyekataa. Kutokuamini kwake kulikuwa na mizizi, lakini mizizi hiyo haikumkinga na Ebola. Wengine walifika mbali zaidi: vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa Februari 2019, na tarehe 19 Aprili mwaka huo daktari Richard Mouzoko, mtoto wa Kamerun aliyekuja kutusaidia, aliuawa hapa Butembo. Hasira yenye sababu ilimwangukia mtu asiye na kosa. Hiyo ni aibu yetu, na hatutaificha katika kitabu cha desturi.

3. Hukumu ya mama

Turudi kwenye ule ua. Mwisho mama mjane alichoka. Akawaita watoto wake wote wawili jioni, na akatuita sisi jirani tuwe mashahidi, kama vile zamani mambo mazito yalivyosemwa kwenye kyaghanda, karibu na moto, mbele ya watu.

Akasema: "Hapa kwangu hakuna wa chanjo na wa bila chanjo. Kuna watoto yangu tu."

Halafu akamgeukia mkubwa. "Wewe unakataa shindano. Sawa, sitakushika mkono kwa nguvu. Lakini kama unakataa shindano, usikatae kazi ya shindano. Siku makumi mbili na moja hutaenda sokoni. Kila asubuhi watakupima homa. Hutashika mkono wa mutu, hutaenda kwenye kilio. Homa ikipanda, utasema siku ile ile, hutajificha kwangu."

Mkubwa akauliza: "Na bugali itatoka wapi?"

Mama akamwonyesha mdogo. "Huyu mwenye anajua kutukana, atakuuzia mafuta. Na matusi iishe leo."

Mdogo alinung'unika, lakini alifanya. Siku 21 alibeba mafuta ya ndugu yake kwenye moto. Mkubwa alikaa nyumbani, alipimwa, hakupokea chanjo hata mwisho. Kwa bahati hakuna aliyeugua. Tunasema kwa bahati, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa bila kinga wakati wote huo, na kama ugonjwa ungekuwa umeshamshika, pengine tungemzika. Sisi tungempa shauri la kuchanjwa, na tunalitoa hata leo. Lakini ua ule ulibaki mmoja.

4. Magonjwa hayafanani

Hukumu ya mama yule imetufikirisha miaka mingi. Hakusema "mwili si wako". Alisema: unachokikataa kilikuwa na kazi ya kulinda wengine, na kazi hiyo haipotei kwa sababu wewe umekataa. Itafanywa na nani? Itafanywa na wewe.

Lakini mwalimu wa kweli lazima aulize kama kanuni hii inafaa kila mahali. Haifai, na sababu iko katika ugonjwa wenyewe.

Pepopunda haitoki kwa mtu kwenda kwa mtu. Mtu mzima akikataa chanjo yake, anajihatarisha yeye. Tutamshauri na kumsihi, lakini jirani hawezi kumwambia "unaniua".

Ebola haiambukizi kabla ya mgonjwa kuonyesha dalili. Ndiyo maana hukumu ya mama iliwezekana: mtu akipimwa kila siku na akisema ukweli, anaweza kweli kufanya kazi ya sindano kwa mikono yake.

Surua ni kitu kingine. Mtoto anaeneza surua karibu siku nne kabla ya vipele kutoka. Mgonjwa mmoja anaweza kuambukiza watu 12 hadi 18 wasio na kinga. Hakuna mzazi anayeweza kukaa macho hivyo hata akipenda. Na kwetu mtoto anachanjwa surua akifika miezi tisa. Kabla ya hapo analindwa na wale wanaomzunguka. Wakati macho yote yalikuwa kwenye Ebola, surua iliua katika nchi yetu watu zaidi ya 6.000 tangu mwanzo wa 2019 hadi Januari 2020, wengi wao watoto wa chini ya miaka mitano. Hapo neno "mwili wangu" halina nguvu, kwa sababu mwili unaosemwa si wa msemaji. Ni wa mtoto, na mtoto hakuulizwa.

Na Korona? Chanjo zilianza kutolewa kwetu Aprili 2021. Ziliwalinda watu na ugonjwa mkali na kifo, hasa wazee, lakini hazikuzuia kabisa maambukizi. Basi waliochanjwa waliowaita wenzao wauaji walizidisha. Na waliokataa huku wakicheka barakoa na kujaza matanga walikataa sindano na kazi ya sindano pamoja. Nchi yetu ilipokea dozi kama milioni 1,7 na ikarudisha nyingi zaidi, kama milioni 1,3, ziende kwa wengine kabla hazijaharibika. Hapo pia kutoaminiana kulifanya kazi yake.

5. Wazee walijua kufunga njia

Vijana wengine wanasema kulazimishwa ni mambo ya wazungu, kwamba kwa desturi kila mtu alikuwa huru. Si kweli. Jirani zetu Waacholi wa Uganda walipopigwa na Ebola mwaka wa 2000, walikuwa na desturi yao ya wakati wa tauni: mgonjwa anawekwa nyumba ya peke yake, matete yanasimamishwa mlangoni ili watu wajue, aliyepona ugonjwa huo ndiye anamhudumia, ngoma zinasimama, na watu hawatembei kijiji hadi kijiji. Desturi hiyo haikuacha kila mtu afanye anavyopenda. Hata kwetu, wakati wa Ebola, wale waliopona ndio walilea watoto wa wagonjwa kule Beni na Butembo. Aliyekuwa na kinga alibeba mzigo wa asiyekuwa nayo.

Tofauti ya amri ya wazee na amri ya mkoloni iko wapi? Mzee aliyefunga njia alifungiwa pamoja na wengine. Alijulikana, aliulizwa maswali, na kama chakula kilikwisha, alilala njaa pamoja nao. Amri inayotoka kwa mtu asiyekaa na wewe inasikika kama dharau, hata ikiwa na ukweli ndani yake.

Mwisho

Tumebaki na jambo moja la kuungama. Jioni ile, mama mjane alipomaliza, alitugeukia: "Na wewe mwalimu, ulichanjwa?"

Tulikuwa tumechanjwa siku nane mbele, kwa sababu mama wa mwanafunzi wetu alikuwa ameugua. Mkono ulikuwa bado unauma chini ya shati. Lakini tuliogopa kuitwa watu waliokula pesa ya Ebola. Tukajibu: "Mama, tunafikiria."

Tulidhani ni siri yetu, kwa kuwa mwili ni wetu. Leo tunaona kama pale tulikosa kuliko yule mkubwa. Yeye alikataa mbele ya watu wote na akabeba matokeo. Sisi tulipokea kinga na tukawanyima majirani kitu walichokuwa wanahitaji zaidi: mtu wanayemjua, aliyekaa nao, aseme "nilipata homa siku mbili, ikaisha, niko mzima". Pengine mkubwa angetusikia sisi, yeye ambaye hakutaka kusikia watu wa magari meupe.

Basi jibu letu kwa swali la mwanzo ni hili. Mwili ni wangu, kweli, na hakuna anayepaswa kuushika kwa nguvu au kwa uongo. Lakini maneno hayajaisha hapo. Anayekataa aseme wazi, na abebe kazi ya kulinda wengine pale inapowezekana. Isipowezekana, kama kwa surua ya watoto, asijifiche nyuma ya uhuru wake. Aliyepokea naye aache matusi, abebe sehemu ya mzigo, na aseme wazi kama amepokea.

Mwaka wa 2024 chanjo ya mpox ilianza kutolewa Goma, na maneno yaleyale ya zamani yakarudi. Safari hii, wanafunzi walipotuuliza, tulijibu swali lao mbele ya darasa zima.