Samaki wa Misri na Ugali wa Manjano

Somo: Hesabu 11:4-6, Kutoka 16:19-20 na 32-34

Mliokuwa ibadani Jumapili mnajua kwamba nilianza kwa kujicheka mwenyewe, na hapa nitaanza vivyo hivyo, kwa sababu jambo lenyewe lilianza kwa kicheko.

Wiki mbili zilizopita, katika ushirika wetu wa nyumbani wa Alhamisi, dada anayetuongoza alisema kabla hatujafungua Neno kila mtu ataje jambo moja la ajabu kumhusu, jambo ambalo kanisa halijui, na chakula kimoja cha utotoni ambacho hajakisahau. Haya. Tulikaa kwa hilo karibu saa nzima. Mzee mmoja wa kanisa, mtu wa tai na koti, alikiri kwamba mpaka leo anakula ugali kwa chai ya maziwa, na akikaa siku nyingi bila kuula hivyo anajiona kama mgonjwa. Dada mmoja wa kutoka Kakamega alieleza kumbikumbi waliokaangwa kwa mafuta yao wenyewe na chumvi kidogo, akaeleza mpaka vijana waliokuwa wamekunja uso wakaanza kumeza mate. Mama mwingine alikumbuka maziwa ya Nyayo, zile pakiti za pembe tatu tulizogawiwa shuleni, na jinsi alivyokuwa akitoboa pembe moja kwa meno na kunyonya polepole ili darasa zima lione yeye bado anayo. Kijana mmoja akasema ati anaogopa kuku. Si kuku wa kukaangwa, kuku aliye hai. Huyo tulimcheka sana.

Zamu yangu ikafika. Nikasema chakula changu ni ugali wa manjano wa 1984. Na jambo langu la ajabu ni kwamba nikila, mkono wangu wa kushoto huizingira sahani, hivi, kama ukuta. Mama watoto aliliona hilo hata kabla hatujaoana, na siku hizi amechoka kuniambia. Nilidhani watacheka tuendelee. Walicheka. Lakini binti wa mwenye nyumba, mtoto wa miaka tisa hivi, akaniuliza: "Pasta, ni nani anataka kukunyang'anya?"

Sikuwa na jibu. Nimehubiri miaka 23, na mtoto akanifunga mdomo kwa swali moja.

Usiku ule niliporudi nyumbani nilifungua Hesabu 11. Habari hiyo mnaijua. Watu wa Mungu wako jangwani, mana inashuka, nao wanalia. Wanakumbuka chakula cha Misri na kukitaja kwa majina: samaki, matango, matikiti, mboga, vitunguu, vitunguu saumu. Aina sita! Mtu mwenye hamu hasahau orodha. Tena wanasema samaki wale walikuwa wa bure.

Wa bure? Hebu rudi Kutoka 1 uone bei yake. Walifanya kazi ya udongo na matofali chini ya wasimamizi wakali mpaka maisha yakawa machungu. Na ule mto wa Misri ndio Farao aliamuru watoto wao wa kiume watupwe ndani yake. Fikiria hilo, mama uliyezaa. Maji yale yale waliyovulia samaki. Ulimi ulitunza utamu wa samaki, na yale mengine ukakataa kuyabeba.

Sasa sisemi kwamba kukumbuka chakula ni dhambi. Mimi ni Mkamba, nikinusa muthokoi na mbaazi mahali nasimama hata kama nimechelewa mkutano. Daudi mwenyewe akiwa vitani alitamani maji ya kisima cha Bethlehemu, kwao alikokulia. Waisraeli hawakukosea kwa kumkumbuka samaki. Walikosea kwa kukumbuka nusu.

Na mimi ninayo nusu yangu, tena nimeihubiri mara nyingi.

Wenye umri wangu wanaukumbuka mwaka 1984. Mvua ya masika ilikataa. Kwetu Kitui mahindi yalikauka yakiwa hayajafika magotini. Mbuzi waliuzwa kwa bei ya kutupa, kisha ikafika mahali hata wa kuwanunua hayuko. Ndipo tukaona mahindi ya manjano kutoka ng'ambo. Wazee walinung'unika kwamba hicho ni chakula cha mifugo, ati ugali wake una harufu ya gunia. Walinung'unika na walikula. Baba alikuwa kibarua bandarini Mombasa, na pesa zake zikifika zinakuta duka halina unga. Mama alikuwa akipanga foleni kwenye kambi ya chifu tangu alfajiri, akirudi na gorogoro mbili, siku njema tatu. Tulikuwa watoto watano. Ushuhuda wangu miaka yote umekuwa huu: hakuna hata mmoja wetu aliyekufa, Mungu alitulisha. Niliutoa hata siku ya mazishi ya mama, mwaka 2009, na watu wakapiga makofi.

Yote hayo ni kweli. Ila kuna usiku mmoja ambao sikuwahi kuutaja.

Siku hiyo mama alikwenda kwa chifu pamoja na ndugu yangu anayenifuata, ili amshikie nafasi kwenye foleni. Yeye alikuwa na miaka 8, mimi 11. Niliachiwa wadogo na unga uliobaki: nipike, tule, niwawekee wao wawili. Nikapika. Nikagawa sawasawa, Mungu ni shahidi, nikafunika vipande viwili kwa bakuli la bati. Jua likatua, wadogo wakalala, tukabaki mimi na lile bakuli. Nililifunua nimege pembeni kidogo tu. Wapendwa, pembeni hapana mwisho. Nilipoinua kichwa, kipande cha ndugu yangu hakikuwapo.

Walipofika, usiku umeingia sana, nilisema mbwa aliingia ndani. Mama alilitazama bakuli, akanitazama mimi, akatoka nje, akamkemea mbwa kwa sauti kubwa. Kisha akarudi, akampa ndugu yangu kipande kilichobaki, akasema yeye alipewa chakula kule kambini. Mimi nikavuta blanketi hadi kichwani, nikifurahi kwamba nimeponea.

Basi, binti yangu, mwizi niliyekuwa nikimlinda asiguse sahani yangu ni mimi mwenyewe. Kwa kuwa niliwahi kula cha mwenzangu, sijawahi kuamini kwamba changu kiko salama.

Ijumaa asubuhi nilimpigia ndugu yangu simu. Naye yuko Mombasa, alifuata njia ya baba. Nilitaka nikiri, nitubu, nimalize. Nikamweleza yote: bakuli, kumega pembeni, mbwa. Kukawa kimya mpaka nikadhani laini imekatika. Kisha akasema, "Kaka, mbwa tulikuwa naye."

"Naye wapi?"

"Kwa chifu. Si alitufuata mimi na mama tangu asubuhi? Tulirudi naye usiku. Alikuwa amechoka hata kubweka hawezi."

Niliketi kitandani. Miaka 40 nimeamini kwamba uongo wangu ulishika! Kumbe mama aliujua wakati bado uko mdomoni mwangu. Ndugu yangu akaniambia kwamba yeye alikuwa anafungua kinywa kunisuta, mama akamkanyaga mguu gizani. Ndipo akatoka nje akamgombeza mbwa asiye na kosa, kwa sauti ya kunifikia mimi niliko.

Nikauliza kuhusu kile chakula cha kambini. "Chakula gani?" akasema. "Tulikunywa maji."

"Na wewe umenyamaza miaka yote hii?"

"Mama alinikataza nisikuaibishe. Alisema ukikua utasema mwenyewe."

Wapendwa, alingoja mpaka 2009. Nilimtembelea kila Krismasi, nikamnunulia tangi la maji, nikamlipia hospitali, nikamwombea kwa kumwekea mikono. Sikusema. Nikasimama juu ya kaburi lake nikashuhudia jinsi Mungu alivyotulisha mwaka 1984, nikaacha nje yule aliyelala na maji tumboni ili tulishwe. Na ndugu yangu alikuwa ameketi mstari wa mbele, akipiga makofi pamoja na wengine. Nimeliombea hili, nami naamini nimesamehewa kwa damu ya Yesu. Lakini sitawadanganya ati haliumi.

Katika Kutoka 16 kuna mana ya aina mbili, na zote zilishuka kutoka mbinguni ile ile. Kuna iliyowekwa mpaka asubuhi na watu wasiomsikiliza Musa. Hiyo ilitoa mabuu, ikanuka. Na kuna pishi moja iliyotiwa katika chungu kwa agizo la Bwana, ikawekwa mbele zake ili vizazi vije vione chakula walicholishwa baba zao. Hiyo ilidumu. Ladha ni moja, tofauti ni pale ilipowekwa: moja imefichwa hemani, nyingine iko mbele za Bwana ambapo watoto wanaweza kuiona. Hata Musa, katika Kumbukumbu la Torati 8, anapowaambia wakumbuke, anawatajia njaa na mana pamoja. Hawapi nusu.

Sisi wazazi tuna tabia. Mtoto akikataa sukuma wiki, tunamwambia, "Sisi tulikula ugali na chumvi!" Tunaifanya njaa yetu fimbo ya kumchapia. Hiyo nayo ni nusu. Mwambie pia ni nani aliyekuachia ule ugali. Mwambie ni jirani gani aliyeleta kibaba cha maharagwe usiku ili asikuaibishe mchana. Kama uliwahi kula cha mtu, mwambie na hilo. Hatakudharau. Wangu niliwaambia wote watatu mezani, na yule wa mwisho, ambaye huwa hainui macho kutoka kwa simu, aliiweka chini, akauliza nyanya yake alikuwa mtu wa namna gani. Tulikaa mpaka saa tano usiku.

Na wewe ambaye mama yako bado yuko hai, na unalijua bakuli lako, simu unayo mkononi. Usingoje ibada ya Jumapili.

Ndugu yangu nilimuuliza nimlipe nini. Akasema sahani ya ugali, moto, lakini uwe mweupe, ule wa manjano nimwekee mbwa. Anakuja Desemba na familia yake yote, na mama watoto ameshaanza kuuliza watalala wapi.

Alhamisi iliyopita tulikula tena katika ule ushirika. Yule binti alikuja makusudi akaketi mbele yangu, macho kwenye mkono wangu wa kushoto. Niliuweka chini ya meza, nikaanza kula nikiongea na mzee wa ugali na chai. Nilipomega tonge la nne nikamsikia akicheka. Nikatazama chini. Mkono ulikuwa umerudi.