Hukumu ya Tangazo na Wajibu wa Mnunuzi

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyehalalisha biashara na akaharimisha riba. Na sala na salamu zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote.

Ama baad. Risala hii imeandikwa kwa ajili ya watu wa Mgogoni, kisiwani Pemba, na kwa kila Muislamu wa pwani aliye mnunuzi. Na ni nani asiyekuwa mnunuzi? Makusudio yake ni kubainisha jambo moja: ya kwamba tangazo la biashara lina hukumu yake katika sharia, na kwamba hukumu hiyo haimwangukii muuzaji peke yake, bali na mnunuzi ana fungu lake, na aliyesimama kati yao pia ana lake.

KISA CHA SHUNGI NYEUSI

Wasimulizi wa Kiarabu wamepokea kwamba katika zama za Bani Umayya mfanya biashara mmoja wa Kufa aliingia Madina na shehena ya shungi za wanawake, za rangi mbali mbali. Zote zikanunuliwa illa nyeusi, hizo zikamlalia. Akamwendea rafiki yake, mshairi Miskin Ad-Darimi, ambaye siku hizo alikuwa ameacha mashairi na amejitenga msikitini kwa ibada. Ad-Darimi akamhurumia, akatunga beti za kumsifu mwanamke mwenye ushungi mweusi, ambaye uzuri wake ulimshughulisha mcha Mungu aliyekuwa akijitayarisha kwa sala. Beti hizo zikaimbwa mjini. Watu wakaambiana kwamba Ad-Darimi ameuvunja uchaji wake. Hakubaki mwanamke wa heshima katika Madina illa alitafuta ushungi mweusi, mpaka mtu yule wa Kufa akamaliza mali yake yote. Kisha Ad-Darimi akarejea msikitini kwake kama kwamba hapakuwa na kitu.

Na izingatiwe: ushungi haukubadilika. Nguo ni ile ile, na rangi ni ile ile iliyokataliwa jana. Kilichobadilika ni moyo wa mnunuzi, na kilichoubadilisha ni maneno. Jana hakuwa na haja. Leo haja imemjia, naye adhani imetoka kwake mwenyewe. Hiyo ndiyo nguvu ya tangazo tangu zamani hata leo.

MPIGA MBIU WA ZAMANI NA WA SASA

Zamani jambo likitakiwa kujulikana, hupigwa mbiu. Mpiga mbiu alikuwa mtu ajulikanaye. Baba yake ajulikana na nyumba yake yajulikana. Akisema uwongo leo, kesho hukutwa barazani akaulizwa. Na dalali wa mnadani vile vile huonekana kwa macho, na kitu anachokinadi kipo hapo, hushikwa, hupinduliwa, hunuswa. Leo sifa za bidhaa zaingia Mgogoni kwa redio, na televisheni, na simu ya mkononi. Msemaji hajulikani, kitu hakishikiki, na aliyetoa ujira wa maneno hayo mara nyingi hatajwi.

Na liko jambo ambalo wengi hawalifikiri. Msikilizaji wa redio aghalabu hatozwi hata senti moja kwa kusikiliza. Lakini redio ina mafundi wake, na wasemaji wake, na umeme wake. Nani alipaye? Redio za biashara hulipwa na wenye bidhaa. Basi katika biashara hiyo msikilizaji si mnunuzi. Kinachouzwa ni sikio lake. Na simu imepita hapo. Alichokigusa mtu simuni, na alichokawia kukitazama, huandikwa na kuwekwa. Kisha tangazo humjia kila mmoja kwa mlango wa udhaifu wake. Mpenda mpira huletewa kamari, mwenye dhiki huletewa mkopo, na mwenye ugonjwa huletewa dawa ya miujiza.

Wala isidhaniwe kwamba kila tangazo ni haramu. Kunadi kitu cha halali kwa maneno ya kweli ni halali, na huenda kukawa na thawabu, kama khabari ya chanjo ya watoto, au bei ya karafuu, au siku ya safari ya meli. Haramu ni khadaa. Na khadaa, mafakihi wameijua kabla ya redio kwa zaidi ya miaka elfu.

NAMNA ZA KHADAA KATIKA SHARIA

Ya kwanza ni kuficha aibu. Imepokewa katika Sahihi ya Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) alipita sokoni penye fungu la chakula, akaingiza mkono wake ndani, vidole vikapata maji. Mwenye mali akasema kwamba kimenyeshewa na mvua. Mtume akamuuliza kwa nini asikiweke juu kilichorowa ili watu wakione, kisha akamtoa mwenye kughushi katika njia yake. Basi kila tangazo lenye kuonyesha kikavu na kukizika kibichi ni fungu lile lile.

Ya pili ni tasriya, nayo ni kumwacha mnyama siku kadhaa bila kumkama ili kiwele kijae, mnunuzi adhani ndiyo desturi yake. Mtume (S.A.W.) ameikataza, na mnunuzi akiigundua ana khiyari ya kumrudisha mnyama pamoja na pishi ya tende kwa ajili ya maziwa aliyoyakama.

Ya tatu ni najash, nayo ni mtu kuongeza bei mnadani hali hana haja ya kununua, ataka tu kumponza mwengine. Na katika maana yake yuko mtu mashuhuri apewaye ujira akasifu asichokitumia, na yuko pia mtu wa barazani apelekaye sifa za kitu kwa watu mia kwa simu yake, wala hakukiona. Dhambi ni ya mwenye kuponza. Lakini katika kauli iliyo sahihi zaidi kwa Mashafii, mnunuzi aliyeponzwa hivyo hana khiyari ya kurudisha, kwa kuwa alifanya pupa wala hakuuliza wajuzi.

Na hapa pana masala yenye mazingatio makubwa. Katika Minhaj ya Imamu Nawawi, kitabu kilichosomeshwa pwani hii kizazi baada ya kizazi, zimetajwa hila za wauzaji wa watumwa. Biashara hiyo imekwisha ondolewa, lakini kanuni yake imebaki. Muuzaji akimpaka mtumwa wekundu mashavuni, au akizitia weusi nywele zake, mnunuzi ana khiyari ya kurudisha. Lakini akiipaka wino nguo yake ili adhaniwe ni mwandishi, basi kwa kauli iliyo sahihi zaidi mnunuzi hana khiyari. Kwa nini? Kwa sababu wino wa nguoni si elimu. Nguo huazimwa, na wino humwagika. Mnunuzi alikuwa na uwezo wa kumpa kalamu na karatasi akamtazama. Hakufanya, akatosheka na doa. Muuzaji ana dhambi ya khadaa yake, na mnunuzi ana hasara ya uzembe wake. Na matangazo mengi ya leo ni wino wa nguoni.

MAZIWA YA KOPO NA NGUO NYEUPE

Mfano ulio mzito kupita yote ni wa maziwa ya kopo. Katika karne iliyopita, kampuni za maziwa hayo ziliajiri wanawake katika nchi nyingi za Asia na Afrika, zikawavika nguo nyeupe kama za wauguzi, zikawapeleka hospitalini na majumbani kwa waliojifungua. Wengine hawakuwa wauguzi kabisa. Huo ndio wino wa nguoni wenyewe. Mama akapewa kopo la kwanza bure. Mtoto akanywa la kopo, akaacha kifua. Na kifua kisichonyonywa hukauka. Kopo la bure likiisha, maziwa ya mama nayo yamekwisha, na la pili lauzwa. Baba asiye na kitu akazidisha maji ili kopo lidumu, na maji yenyewe hayakuchemshwa. Watoto wakaharisha, wakadhoofu, na wengi wakafa.

Mwaka 1939 tabibu wa Kiingereza, bibi Cicely Williams, alisimama Singapore mbele ya wakubwa wa mji akasema wazi kwamba kuwahadaa mama kwa maziwa matamu ya kopo yasiyomfaa mtoto mchanga ni kuua. Miaka mingi ikapita. Mwaka 1981 ndipo Mkutano Mkuu wa Shirika la Afya Ulimwenguni ulipopitisha kanuni za kuzuia matangazo hayo, kwa kura 118. Aliyepinga alikuwa mmoja tu, nayo ni Marekani. Tanzania Bara ikaweka kanuni zake mwaka 1994.

Ghushi ya tasriya ilionyesha maziwa mengi mahali penye machache. Ghushi hii ilimwonyesha mama kwamba maziwa yake hayatoshi hali yanatosha. Na Mwenyezi Mungu katika Sura ya Al-Baqara amewataja mama na kunyonyesha miaka miwili kamili kwa atakaye kutimiza, na akamwekea baba juu yake chakula cha mama na mavazi yake. Kwa hiyo mama aliyelala kitandani siku ya pili ya uzazi halaumiwi kwa kutoupima wino ule. Hakuwa na nafasi ya kutoa kalamu na karatasi. Waliopaswa kumpimia ni mume wake, na wazee wake, na tabibu wake, na watawala wake, ambao kazi ya muhtasibu wa soko imewaangukia. Ama mtoto aliyekosa maziwa ya mama kwa sababu iliyo wazi, hapana ubaya kupewa ya kopo kwa shauri la tabibu. Kinachokatazwa ni kuitia haja mahali ambapo haikuwapo.

KAMARI NA MKOPO

Na apigiwe mfano mtu wa Mgogoni aliyechuma karafuu zake, akazianika, akazifikisha kituoni, akapokea fedha. Mchumaji huning'inia juu ya mkarafuu, na wako walioanguka wakavunjika, na wako waliokufa. Fedha hiyo yafaa iheshimiwe kama mifupa ya watu. Lakini kabla haijafika nyumbani, imekwisha pangiwa matumizi na mtu asiyeijua Mgogoni. Simu yamwambia akisie nani atashinda mpira huko Uingereza, naye atakuwa tajiri. Huonyeshwa mmoja aliyepata. Hawaonyeshwi maelfu waliokosa, ambao fedha zao ndizo alizopewa huyo mmoja. Huko ni kuweka kikavu juu ya fungu. Kamari ni haramu kwa Qurani. Hata serikali zisizohukumu kwa sharia zimeona madhara ya kuitangaza. Mwaka 2019 bodi ya kamari ya Kenya ilitangaza kuwakataza watu mashuhuri kuisifu, na mwishoni mwa Aprili 2025 ikasimamisha matangazo yake yote kwa siku 30.

Aliyekosa huletewa mkopo. Tangazo lasema: kwa dakika chache, bila dhamana. Halisemi riba ni kiasi gani, wala halisemi kwamba siku ya deni ikipita, aibu yake itapelekwa kwa jamaa zake ambao majina yao yamo simuni mwake. Watu wenyewe wameiita mikopo hiyo kausha damu. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitaja majukwaa 69 ya kukopesha kwa simu yasiyokuwa na leseni, ikawaonya watu nayo. Na hata lenye leseni, riba ni riba.

WAJIBU WA KILA MMOJA

Mnunuzi ana maswali matatu ya kujiuliza kabla ya kufungua mfuko. Kwanza: nani asemaye, na ujira wake watoka wapi? Kwani katika Sura ya Al-Hujurat waumini wameamrishwa kuipeleleza khabari iletwayo na fasiki, wasije wakawadhuru watu kwa ujinga kisha wakajuta; na mwenye kulipwa kwa kusema ana haki zaidi ya kupelelezwa. Pili: aibu ya kitu hiki ni ipi, mbona haikutajwa? Tatu, na hili ndilo kubwa: haja hii ilikuwapo jana? Ikiwa imezaliwa na sauti ile, basi na alale nayo siku saba. Haja ya kweli haifi kwa kungoja. Ya kutiwa hufa.

Muuzaji wa dukani, aliye jirani wa wanunuzi wake, wajibu wake ni kuitaja aibu ya mali yake hata kama hakuulizwa. Na wamesema mafakihi kwamba hata mtu wa kando akiijua aibu imemlazimu kuibainisha. Kwa hiyo anayejua kwamba dawa ile haiponyi, au kwamba mkopo ule ni mtego, akanyamaza barazani kwa kuona haya, ameshiriki. Na anayeisambaza sifa asiyoihakikisha, huyo ameongeza bei mnadani wala haoni.

Wazee wa pwani wamesema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Na yafaa kila baba amfundishe mwanawe maneno hayo pamoja na alifu na be, kwani mtoto wa leo huanza kusikia wauzaji kabla hajamsikia mwalimu wake.

Mwenyezi Mungu awape watu wa Mgogoni na Waislamu wote macho ya kuona wino na elimu, na kupambanua baina ya viwili hivyo. Azitie baraka chumo zao, azilinde nyumba zao na deni, na watoto wao na ghushi, na awape wauzaji wao ulimi wa kweli. Amin.

Wallahu aalam.