Shauri la Nyuklia katika Pwani ya Ziwa, na Yaliyo Juu Yetu Waislamu

 

Ndugu zetu wa Mombasa, Malindi na Kilifi tangu mwaka 2025 wamekuwa wakituletea sisi tulioko Kisumu salamu za namna moja: kwamba lile jambo la nyuklia, alhamdulillahi, limeondoka kwao, na sasa limekuja kwetu. Wengine huyasema haya kwa mzaha, na wengine kwa moyo uliotua kweli. Wala hatuwalaumu kwa kushukuru, kwani mtu aliyeteremshiwa mzigo kichwani hushusha pumzi. Lakini shukrani ya Muislamu ina mpaka wake, na mpaka huo ni pale mzigo unapotoka kichwani kwake ukatuliwa juu ya kichwa cha jirani yake. Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kuwa imani ya mmoja wetu haitimii mpaka ampendelee nduguye lile analoipendelea nafsi yake. Basi na tulitazame jambo hili pamoja, watu wa bahari na watu wa ziwa.

Khabari yenyewe, kwa ajili ya asiyeijua, ni hii. Serikali ya Kenya kwa miaka mingi imekusudia kupata umeme kwa nguvu za nyuklia. Mwaka 2019 zilitungwa sheria mbili: moja ikaweka shirika liitwalo NuPEA, lenye kazi ya kuuendeleza mpango huo, na ya pili ikaweka Halmashauri ya Kusimamia Nyuklia, ambayo ndiyo yenye kutoa leseni au kuzinyima. Mwaka 2023 jina la Uyombo, karibu na Mida na Watamu katika Kilifi, lilikuwa katika vinywa vya watu wote: ijengwe huko stesheni ya megawati 1000, ianze kujengwa mwaka 2027, na itoe umeme mwaka 2034. Watu wa Uyombo wakakataa. Wakapeleka malalamiko yao Bungeni, na mwezi wa Mei 2024 walipoandamana walitawanywa na polisi kwa nguvu. Kisha katika mwaka 2025 wakuu wa serikali wakatangaza kuwa macho yao yameelekea Siaya, katika pwani ya Ziwa Viktoria, na miongoni mwa mahali palipotajwa ni Lwanda Kotieno katika Rarieda, pale inapotia feri ya Mbita.

Aliyeko Mombasa atauliza: mimi na Lwanda Kotieno tuna nini? Tunamjibu kwa mfano aliotupigia Mtume (S.A.W.) mwenyewe, nao umo katika Sahihi ya Bukhari, wa watu waliopiga kura za nafasi katika merikebu, wengine wakapata juu na wengine chini. Wa chini walikuwa wakiwapitia wa juu kila walipotaka maji. Wakaona wasiwaudhi wenzao, heri watoboe tundu katika sehemu yao wenyewe. Wa juu wakiwaacha, wameangamia wote. Na wakiwashika mikono, wameokoka wote. Ziwa hili ni merikebu ya namna hiyo. Kenya ina sehemu kama ya sita katika mia tu ya maji yake, na iliyobaki ni ya Tanzania na Uganda. Na kutoka humo hushuka mto wa Nili mpaka Sudani na Misri. Mji wa Kisumu hunywa maji yanayovutwa Dunga na kusafishwa hapo hapo. Omena, ngege na mbuta wanaoliwa katika nyumba zetu hutoka humo. Wala hapana asiyejua kuwa ziwa hili limekwisha kufanyiwa jambo kubwa bila ya wavuvi wake kuulizwa: mbuta alitiwa ndani yake katika miaka ya 1950, akawatajirisha wengi, na akala aina kwa mamia za samaki wadogo ambao hawapatikani tena popote duniani. Faida ilikuwako na khasara ilikuwako, lakini wenye kuivaa khasara hawakushauriwa.

Sasa tuje katika kiini cha jambo. Watu wengi wakitajiwa nyuklia hufikiri Chernobyl ya mwaka 1986 na Fukushima ya mwaka 2011, wakaogopa mlipuko. Mimi naona swali lililo zito zaidi si la siku ya msiba, bali ni la siku za kawaida. Fueli ya urani ikikwisha kufanya kazi katika kinu haiwi jivu la kumwagwa. Hutoka ikiwa na moto na mionzi mikali kuliko ilivyoingia. Hutiwa katika birika kubwa za maji kwa miaka kadhaa mpaka ipoe, kisha huweza kuhamishwa ikatiwa katika mapipa mazito ya chuma na saruji, nayo yakalindwa. Stesheni moja ya megawati 1000 hutoa tani kama 20 mpaka 30 za fueli hiyo kila mwaka, na stesheni za siku hizi hujengwa zidumu miaka 60. Na ndani ya mabaki hayo imo plutoni, ambayo nusu yake tu huhitaji miaka 24,000 kupunguka. Tangu Hijra ya Mtume mpaka leo haijatimia miaka elfu moja na mia tano.

Kwa insafu yatupasa tuseme na upande wa pili. Kinu cha nyuklia hakitoi moshi, na mapipa hayo katika nchi nyingi yamekaa miaka mingi bila ya kudhuru watu. Wala hatusemi kuwa jambo hili ni haramu. Asili ya vitu ni kuhalalika, na anayeharimisha bila ya dalili amemzulia Mola wake. Lakini wanazuoni wetu wamekubaliana kuwa kuondosha madhara hutangulizwa mbele ya kuvuta manufaa, na kwamba mtu hana ruhusa kumdhuru mwenziwe, akiwa hai au akiwa bado hajazaliwa.

Nasema hajazaliwa kwa sababu tunacho kisa cha Sayyidna Umar (R.A.) na ardhi ya Sawad ya Iraki. Majeshi yalipoifungua, wapiganaji wengi walitaka wagawiwe kama ngawira, na walikuwa na hoja. Umar akakataa. Akawakusanya wenye rai, wakajadiliana kwa siku, na hoja yake ilikuwa: nikiigawa leo, watapata nini watakaokuja baada yenu? Akatoa dalili yake katika Suratul-Hashri, palipotajwa wale wanaokuja baada ya waliotangulia. Ardhi ikabaki, ikitozwa kharaji, kwa manufaa ya waliokuwapo na wasiokuwapo. Basi ikiwa Umar aliwahesabia wasiozaliwa fungu katika mali, vipi sisi tusiwahesabie fungu katika khatari tunayowaachia?

Na tazameni namna alivyofanya: alishauri. Kushauriana si hisani ya mtawala, ni amri. Siku ya Uhud Mtume (S.A.W.) aliona heri kubaki Madina, wengi, na khasa vijana, wakataka kutoka, akatoka kwa rai yao, na likatokea lililotokea, akajeruhiwa na ami yake Hamza akauawa. Ingekuwa ni sisi, tungalisema: kuanzia leo simuulizi mtu. Lakini aya iliyoshuka baada ya msiba huo, katika Suratu Ali Imran, ilimwamrisha awasamehe na aendelee kushauriana nao. Basi asituambie ofisa yeyote kuwa wavuvi hawana ilimu ya nyuklia kwa hiyo hapana haja ya kuwauliza.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 nayo imekuja na haya: kifungu cha 10 kimeweka ushiriki wa wananchi miongoni mwa misingi ya utawala, cha 35 kimetupa haki ya kupewa khabari zilizo kwa serikali, na cha 42 kimetaja mazingira safi kwa walio hai na kwa vizazi vijavyo. Tukitaka kuona faida ya kuuliza kwa kweli, tutazame nchi mbili. Ufini walitaka mahali pa kuzika mabaki haya chini ya mwamba. Sheria yao iliupa mji husika uwezo wa kukataa, mji wa Eurajoki ukakubali, Bunge likathibitisha mwaka 2001, na mashimo yakachimbwa kiasi cha mita 400 na zaidi kwenda chini. Marekani mwaka 1987 waliuchagua mlima wa Yucca katika Nevada huku wenyeji wakipinga. Ukagharimu mali nyingi, ukakwama, na mabaki yangali yamekaa pale pale penye vinu.

Na wa pwani hawahitaji kwenda mbali hivyo. Owino Uhuru ni Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha risasi kutoka katika betri kuukuu kilipewa leseni kikae ubavuni mwa nyumba za watu, na sumu ikaingia katika damu za watoto. Julai 2020 mahakama iliamuru wenyeji walipwe shilingi bilioni 1.3, rufani ikaitengua hukumu hiyo, na Mahakama ya Upeo ikairudisha Desemba 2024. Miaka yote hiyo ya mahakamani ni kwa risasi tu, ambayo haina mionzi. Leseni ni kipande cha karatasi, lakini ikishatiwa sahihi, kuifuta ni kazi ya umri mzima.

Hapa sina budi kusema nasi wenyewe. Tunawajua watu wetu wanavyokwenda katika mabaraza: huulizwa kwanza nauli itakuwa kiasi gani na chakula kitakuwa nini, kisha hutia sahihi karatasi ya mahudhurio, na karatasi hiyo huja ikasomwa kuwa wamekubali. Ndugu yangu, sahihi yako ni ushahidi, na ushahidi utaulizwa. Na wako wengine, tena wenye vilemba, ambao dawa yao ni kuwasomea watu kisomo cha kuondoa balaa na kuandika hirizi. Dua ni silaha ya muumini, hatuikanushi. Lakini mionzi haisomi hirizi, na aliyeamrishwa kumfunga ngamia wake kisha amtegemee Mungu hakuambiwa aanze na la pili. Wala msipande juu mkasema msiyoyajua, kwamba samaki wote watakufa siku moja, au kwamba ni njama ya dini fulani. Uwongo wa upande wetu hauwi haki kwa kuwa ni wa upande wetu.

Ulizeni yanayoulizika. Fueli iliyotumika itakaa wapi, na kwa miaka mingapi? Serikali inayo nyumba ya kuhifadhia takataka za mionzi huko Oloolua, karibu na Ngong, lakini hiyo ni kwa vifaa vya hospitali na viwanda. Je, hii nyingine itarudishwa kwa aliyeiuza, au itabaki Siaya? Mali ya kuilinda baada ya kinu kufungwa imewekwa wapi, na nani hataweza kuigusa? Tanzania na Uganda wameambiwa nini? Kwa nini nyuklia, na ilhali umeme wetu mwingi hutoka katika mvuke wa Olkaria, maji na upepo? Na je, karatasi hizi zitaandikwa kwa Kiswahili na Kijaluo, zisomwe na mwenye mtumbwi, au zitabaki Kiingereza?

Darasa yetu ya baada ya Maghribi itazisoma sheria zile mbili za mwaka 2019 kifungu kwa kifungu, na mwanasheria mmoja katika jamaa zetu amekubali kutufasiria. Na nyinyi wa Kilifi mliokaa katika mabaraza ya Uyombo, tunakuombeni mtuandikie: mliuliza nini, mlijibiwa nini, na ni maswali gani hayakujibiwa hata mara moja. Jirani zetu wa Rarieda watayahitaji kabla ya baraza lao.