Wageni wa Ziwani na Mwenye Nchi

Somo: 3 Mose 25:23

Ndugu wapendwa, neno hili waliambiwa Waisraeli kabla hawajaingia katika nchi ya ahadi. Watu walio karibu kupewa mashamba waonywa kwanza kwamba Mwenye nchi ni Mungu, nao ni wageni Wake.

Sasa tazameni ng'ambo yetu ya Nyasa. Barabara ya lami yashuka kutoka Mbinga hata Mbamba Bay, na wageni huja kuona mchanga, milima, na samaki wadogo wa rangi nyingi wakaao penye mawe. Wageni si jambo jipya ziwani. Livingstone alilifikia kwa upande wa kusini mwaka 1859. Baadaye Wadachi walipouona mwamba wa Pomonda pale Liuli, wakakumbuka ile sanamu ya Misri yenye mwili wa simba na kichwa cha mtu, wakaiita bandari Sphinxhafen. Ndivyo yalivyo macho ya mgeni: huona alichokuja nacho.

Na macho yetu je? Mgeni asimama mbele ya ngoro za Wamatengo, astaajabia mashimo yaliyopangwa mlimani safu kwa safu, yazuiayo maji ya mvua yasichukue udongo. Ampiga picha mama aliyeinama na jembe akifukia nyasi, wala hamwombi ruhusa, kana kwamba ni mti. Hilo ni kosa. Lakini watoto wa mama yule humkimbilia mgeni wakidai fedha kabla ya kumwamkia, na mchuuzi humtajia bei maradufu ya usipa. Huyu amemfanya mwenzake picha, yule amemfanya mwenzake mfuko, mtu hakuonekana.

Wazee husema, Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ni neno jema, ila wako walisomao kama hesabu ya duka. Yule mgeni wa Emau alipokaribishwa hakulipa hata senti, na wenyeji wake walipona mioyo.

Liko jambo zito kuliko bei, nalo ni ufukwe. Mtu akishawishiwa kuuza kiwanja cha kando ya maji, na aulize kwanza: mjukuu wangu atateremshia wapi mtumbwi wake? Sisemi kwamba kila auzaye atenda dhambi. Lakini katika sura hii Mungu aliagiza kwamba mwaka wa 50 shamba lililouzwa lirudi kwa jamaa yake. Alimfikiri mtoto asiyezaliwa bado. Sisi hatuna mwaka kama huo. Kiwanja kikienda, kimekwenda.

Ninyi makatekista, mgeni akija ibadani Jumapili, msimwekee kiti cha peke yake mbele. Na aketi bencini kati ya watu, apewe kitabu cha nyimbo. Na ibada ikiisha, mwulizeni jina lake, mkamwambie na majina yenu.