Fungua Kinywa, Kielezi Kitapata Pa Kukaa

Wewe uliyesoma hadi darasa la saba kwa Kiswahili, kisha ukaingia kidato cha kwanza ukakuta baiolojia, jiografia na hisabati zote zimegeuka Kiingereza, makala haya ni yako. Umevuka mto ambao mtoto wa Uingereza hajawahi kuulizwa kama anaweza kuuvuka. Basi usisimame sasa. Kimebaki kipande kimoja cha kimombo ambacho wengi wetu tunakikwepa: vitenzi vya maneno mawili, umbo la "-ing", na kielezi kinachotafuta pa kukaa kati yao.

Tunakikwepa kwa sababu Kiingereza chetu tumekichuma vitabuni, na vitabuni tulikuta "postpone", "tolerate", "extinguish". Ni maneno mazuri, yatunze. Lakini Mwingereza akiwa nyumbani kwake husema "put off", "put up with", "put out". Matokeo yake tunapozungumza naye anatuelewa vizuri, kisha akifungua kinywa yeye, tunaachwa njiani. Usidhani ni uzito wa akili yako. Mwaka 1755 Samuel Johnson alitoa kamusi yake kubwa jijini London, na katika dibaji alikiri kwamba vitenzi vya aina hii ndivyo vinavyowatesa wageni kuliko chochote. Hata jina la "phrasal verb" halikuwapo bado. Lilipata umaarufu baada ya Logan Pearsall Smith kulitumia katika kitabu chake cha mwaka 1925, akieleza kwamba alipewa na Henry Bradley, mmoja wa wahariri wa kamusi ya Oxford. Wenyewe walihangaika kulipatia jina jambo hili; wewe kutatizwa nalo ni haki yako. Kulikimbia siyo.

Twende Mlima Kilimanjaro tukaone linavyofanya kazi. Kijana wa Marangu au Machame anaanza akiwa mpagazi, anatamani siku moja aongoze wageni. Kielezi chake cha kwanza dunia nzima inakijua: pole pole. Hicho kimewafikisha maelfu kilele cha Uhuru, mita 5,895 juu ya bahari. Lakini wakati wa kushuka, kwenye changarawe na vumbi la chini ya Stella Point, miguu ya mgeni inatetemeka, na kiongozi anahitaji Kiingereza chepesi kinachotoka bila kutafutwa. "Put the bag down gently." Angalia kielezi "gently" kilivyosubiri hadi kitenzi, begi na "down" vyote vimepita, ndipo kikakaa. Ukisema "Put gently down the bag", sentensi imejikwaa. Kiswahili kinatuachia uhuru: "liweke taratibu begi" ni sawa, "liweke begi taratibu" ni sawa. Kiingereza hakitaki kielezi cha namna kiingie kati ya kitenzi na kitu kinachotendwa. Ukiwa na shaka, kipeleke mwisho. Kanuni hiyo moja itakuokoa mara nyingi kuliko kurasa nzima za mazoezi, nakuhakikishia.

Ila mgeni yule yule unaweza kumwambia "Walk slowly down", na "slowly" iko katikati, na ni Kiingereza safi. Mbona hapa inakubaliwa? Kwa sababu "walk" bado ni kutembea, na "down" bado ni chini. Kila neno limebaki na maana yake, kwa hiyo pana nafasi ya kupita. Jaribu sasa "give up". "Give" ni kutoa, "up" ni juu, na ukiyaunganisha unapata kukata tamaa! Maana ya zamani imepotea, maneno mawili yamekuwa chanda na pete. Huwezi kusema "gave quickly up". Sema "quickly gave up", au "gave up quickly". Basi kila ukikutana na kitenzi kipya cha namna hii, jiulize: maana za maneno haya bado naziona, au zimeyeyuka? Zikiwa zimeyeyuka, usiyatenganishe kwa kielezi.

Vivyo hivyo "Look carefully at the path" inakwenda vizuri, kwa kuwa "at" iko upande wa njia. Lakini neno la kutafuta kamusini huwezi kuli-"look carefully up", maana "up" ni ya "look" na haibanduki.

Yapo maneno machache yenye ruhusa ya kupenya hata pale penye ulinzi, na "straight" na "right" ni miongoni mwayo. Mgeni akizidiwa na ugonjwa wa mwinuko, tiba kuu ni kumteremsha. Hapo kiongozi hatoi hotuba. Anasema: "We are going straight back down." Maneno sita, na uzito wote umekaa kwenye "straight". Mtu anayeweza kusema hivyo kwa sauti tulivu ana ujuzi unaoweza kuokoa uhai, na hakuzaliwa nao. Aliujenga sentensi moja baada ya nyingine.

Na "-ing" je? Hapa ndugu yangu una mtaji tangu utotoni. Umbo letu la "ku-" ni jina na kitenzi kwa wakati mmoja: kunywa maji mara kwa mara kunasaidia. Waingereza nao: "Drinking water regularly helps." Umbo hilo limebaki na nguvu ya kitenzi, kwa hiyo linachukua kielezi. Likivalishwa "the" mbele na "of" nyuma, limekuwa jina kamili, na kielezi kinakipisha kivumishi: "reading the map carefully", lakini "the careful reading of the map".

Hata mitego ya maana unaijua. "Aliacha upesi kula" na "aliacha kula upesi" hazifanani masikioni mwako, sivyo? "He quickly stopped eating" ni kwamba aliacha mara moja. "He stopped eating quickly" inaweza kuwa ameacha tabia ya kula mbio mbio. Sikio linalotofautisha hayo kwa Kiswahili litatofautisha kwa Kiingereza pia, mradi ulipe mazoezi.

Kwa hiyo kuanzia leo usisome kimya. Chukua vitenzi vichache, "carry on", "put off", "give up", na baada ya kila kimoja weka kitenzi chenye "-ing", kisha kielezi: "Carry on walking slowly." "I gave up smoking completely." Sema ukiwa unafua, unapanga bidhaa dukani, unasubiri daladala ijae. Atakayekucheka mwache acheke. Lafudhi yako ya Tanga, ya Bukoba, ya Mombasa haimzuii mtu kukuelewa. Ukimya ndio unaomzuia.

Kitenzi kimoja nimekuwekea akiba makusudi, kwa kuwa kinaangusha hata waliomaliza chuo: "look forward to". Wengi huweka "see" baada ya "to", kumbe "to" hii ni kihusishi. Ndiyo maana inakubali jina tupu, kama "the holiday". Na inapokubali jina, kitenzi nacho lazima kije na "-ing". Kielezi "really" kinakaa mapema, kabla ya "looking". Haya, nyanyua kichwa, umalizie mwenyewe kwa jambo unalolitamani kweli, na liwe na sauti inayosikika chumba cha pili: "I am really looking forward to..."