Vumbi na Nuru

Vumbi lina sifa mbaya duniani. Hufagiliwa, hupanguswa na hulaaniwa, na mtu akidharauliwa hufananishwa nalo. Je, dharau hiyo ni haki? Tulitazame vumbi la mbinguni kabla ya kukata shauri.

Usiku wa Januari nyota tatu zilizopangana mstari huonekana angani mwetu katika kundi la Orioni. Kusini yake kidogo liko wingu la gesi ling'aalo, umbali ambao nuru huusafiri kwa miaka 1,300 hivi. Nyota changa zilizo ndani yake hutoa miali mikali ya urujuanimno, nayo huzibandua elektroni katika atomu za haidrojeni. Elektroni zinaporejea, wingu hung'aa, hasa kwa wekundu.

Katikati ya fahari hiyo limo vumbi, chembe ndogo mfano wa moshi. Kwa uzito ni kama sehemu moja tu katika mia ya gesi. Hata hivyo humeza baadhi ya miali kabla haijaifikia gesi, na hupunguza nuru itokayo, ya buluu kuliko nyekundu. William Herschel, mtazama nyota mashuhuri wa karne ya 18, alipoona mahali peusi angani alidhani ni tundu la mbingu. Mwaka 1930 Robert Trumpler alithibitisha kuwa vumbi lililo kati ya nyota hufifiza nuru yake. Usilolijua ni usiku wa giza.

Basi vumbi ni mwivi? Mwivi hufaidi alichotwaa. Vumbi hupata joto kwa nuru liliyoipokea, kisha huirudisha kwa miali ambayo jicho haliioni, lakini vyombo huipima. Tena katika mawingu baridi yaliyo jirani, atomu za haidrojeni hukutana juu ya chembe zake zikaungana, na kivuli chake huzikinga zisitenganishwe. Huko gesi husongamana ikazaa nyota. Hata ardhi tuikanyagayo asili yake ni vumbi la namna hiyo.

Haifuati kwamba kila kizuizi ni baraka. Dhuluma nayo huzuia, na haistahili heshima. Lakini kabla ya kulaani mtu au jambo linalotuzibia njia, yafaa tuulize: linachokitwaa hukipeleka wapi, na likiondolewa kitakosekana nini? Hukumu isiyouliza hayo ni ufagio tu: husafisha ua, na pengine ikatupa mbegu.