MJENZI HUKETI KWANZA

Katika sura ya kumi na nne ya Injili ya Mtakatifu Luka, Bwana Wetu Yesu Kristu atuwekea mbele yetu mtu atakaye kujenga mnara. Mtu huyo, asema Bwana, huketi kwanza na kuhesabu kama anacho cha kuumalizia; maana akiweka msingi kisha akashindwa, wapitao watamdhihaki. Twajua ya kwamba Bwana alikuwa akisema habari ya kumfuata Yeye, wala hakuwa akifundisha uashi. Lakini mfano aliotwaa ni wa kweli hata katika uashi wenyewe, na watu wa Mkoa wa Mara wana sababu ya kuuelewa kuliko wengi.

Mjini Musoma, mahali paitwapo Kwangwa, ujenzi wa hospitali kubwa ya mkoa ulianza katika miaka ya 1970. Kazi ikasimama, na kwa miongo kadhaa majengo yale yakabaki bila kumalizika. Watoto waliozaliwa mwaka ule msingi ulipowekwa wakawa watu wazima, wakaoa na kuolewa, wakazaa watoto wao, na hospitali bado. Mwishoni mwa miaka ya 2010 kazi ikafufuliwa, na leo hospitali ile yatoa huduma, nayo yaitwa kwa jina la Mwalimu Julius Nyerere, mwana wa Butiama. Twamshukuru Mungu. Walakini, yatupasa kukumbuka ya kuwa katika miaka ile yote hakuwapo mpita njia aliyekuwa na moyo wa kudhihaki. Aliyelipa gharama ya mnara ule uliosimama ni mgonjwa, aliyelazimika kuvuka mpaka wa mkoa kwenda Mwanza kutafuta tiba aliyoahidiwa nyumbani.

Kwa hiyo twataka leo kusema nanyi, wasomaji wapendwa, juu ya jambo ambalo wengi huliona kuwa ni kazi kavu ya makarani: yaani uchunguzi na idhini ya Serikali kabla hospitali haijajengwa au kupandishwa daraja. Neno letu ni hili moja: kazi hiyo si karatasi tupu. Ni tendo la upendo au ni dhambi dhidi ya upendo, kwa kadiri ya moyo wa aifanyaye.

Tutazame Manyamanyama. Ni kata katika Mji wa Bunda, na ndani yake kilikuwako kituo cha afya. Bunda ilipopata Halmashauri yake ya Mji katika miaka ya 2010, iliyotengwa na ile ya Wilaya, wananchi wakaanza kuomba kituo kile kipandishwe hadhi, kiwe hospitali ya mji wao. Ombi hilo likafika hata Bungeni. Lilikuwa ombi la haki. Lakini mtu aweza kuuliza: Kuna shida gani? Si kubadili kibao tu mlangoni?

La, si kibao. Katika nchi yetu huduma za tiba zimepangwa kama ngazi. Chini kabisa ipo zahanati ya kijiji. Juu yake kituo cha afya. Kisha hospitali ya halmashauri. Kisha hospitali ya rufaa ya mkoa. Na juu zaidi hospitali za kanda na ya taifa. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi uliotangazwa mwaka 2007 ulikusudia kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata iwe na kituo cha afya. Kila ngazi ina wajibu wake. Ikiitwa hospitali, watu watafika wakitazamia daktari usiku wa manane, chumba cha upasuaji chenye taa isiyozimika, damu iliyohifadhiwa, maabara, picha za mionzi, wodi za kutosha na mahali pa heshima pa kuwahifadhi marehemu. Mambo hayo yahitaji watumishi wenye ujuzi, maji yasiyokatika, na bajeti ya dawa ya kila mwaka, si ya mwaka wa ufunguzi tu. Mgonjwa aliyepelekwa mahali palipoandikwa hospitali, akakuta kuta na vitanda tu, ameibiwa saa za kuokoa maisha yake. Jina lisilo na kitu ndani yake ni uongo, na uongo huo waweza kuua.

Ndiyo sababu safari ya mradi wa namna hiyo hupita milango mingi. Haja hutajwa katika mkutano wa mtaa au wa kijiji, hufika katika Kamati ya Maendeleo ya Kata, huletwa mbele ya Baraza la Madiwani, hupelekwa mkoani, kisha kwenye ofisi inayosimamia Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa na kwenye Wizara ya Afya. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 nayo imeweka utaratibu wa kupima athari za miradi mikubwa kabla ya ujenzi. Hospitali za mashirika ya dini na za watu binafsi zina sheria yao ya mwaka 1977, pamoja na bodi ya kuishauri Serikali katika usajili wake.

Wako wanaonung'unika kwamba milango ni mingi mno, na mgonjwa hana muda. Tutarudi kwao, maana wana hoja. Lakini kwanza tusome Kumbukumbu la Torati, sura ya ishirini na mbili. Mungu awaagiza Waisraeli kwamba mtu ajengaye nyumba mpya aweke kizuizi ukingoni mwa dari yake, asije mtu akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Tazameni jinsi Mwenyezi Mungu asivyoona haya kusema habari za ukingo wa dari! Sheria ya ujenzi ni sehemu ya amri ya Usiue. Mkaguzi aulizaye maji machafu ya wodi yatakwenda wapi, taka zenye damu zitachomwa katika tanuri gani, kuta za chumba cha mionzi ni nene kiasi gani, na mtambo wa umeme wa akiba upo au haupo, huyo aweka kizuizi ukingoni mwa dari. Tena Nehemia, alipofika Yerusalemu, hakuanza kwa kupiga tarumbeta. Alitoka usiku na watu wachache, akauzunguka ukuta uliobomoka, akautazama kwa macho yake. Ndipo akawaita watu wajenge. Ibada ya kuweka jiwe la msingi ni njema, lakini ule mzunguko wa usiku ni bora zaidi.

Sasa twarudi kwa wanung'unikao. Uchunguzi ni upendo pale tu unapotembea. Jalada likilala mezani miezi sita kwa kuwa afisa hajalifungua, huo si uangalifu, bali ni uvivu uliovaa koti la uangalifu. Bwana Wetu alitusimulia habari ya kadhi aliyekataa kwa muda kumpatia mjane haki yake. Mjane wa siku hizi ni mama aliyeshikwa na uchungu uliokwama, apakiwaye juu ya pikipiki katika njia ya vumbi, kwa sababu chumba cha upasuaji kilichoombwa bado kiko katika hatua ya kuthibitishwa. Yeye hajui jalada lake liko meza ya nani, lakini Mungu ajua. Kwa hiyo anayetia sahihi bila kutazama, na anayetazama bila kutia sahihi, wote wawili watatoa hesabu mbele ya Mahakama moja.

Liko na jaribu jingine, la kugeuza hospitali kuwa zawadi ya siasa: ijengwe kwangu kwa sababu ni kwangu. Mahali pa hospitali huamuliwa na idadi ya watu, umbali watembeao, barabara, maji na hospitali zilizokwisha kuwapo. Haipasi paamuliwe na nguvu ya sauti ya mkubwa. Taarifa za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimetaja, si mara moja, majengo ya tiba yaliyokamilika na kukaa bila kutumika kwa kukosa vifaa au watumishi. Katika mwaka wa fedha 2018/19 Serikali ilianza ujenzi wa hospitali 67 za halmashauri kwa mara moja. Ni kazi kubwa ya kusifiwa. Na kadiri kazi ilivyo kubwa, ndivyo swali la nani atakayefanya kazi ndani ya kuta hizo linavyokuwa zito.

Katika ujenzi wa siku hizi raia wa kawaida nao wamepewa sehemu. Miradi mingi haipewi kampuni kubwa. Hujengwa na mafundi wa mahali, chini ya kamati zilizochaguliwa: kamati ya manunuzi, kamati ya ujenzi na kamati ya mapokezi. Ndani ya kamati hizo wamo Wakristu wetu, walimu, wakulima, mama wa jumuiya. Enyi wapendwa, msidhani kwamba kuhesabu mifuko ya saruji ni jambo lisilo la kiroho. Fungueni kitabu cha Kutoka, sura ya thelathini na nane: baada ya Hema kukamilika, kwa amri ya Musa, ilitolewa hesabu ya dhahabu, fedha na shaba iliyotumika, kwa uzani wake. Musa, aliyesema na Mungu, hakuona kuwa ni dharau kuulizwa hesabu. Na Mtakatifu Paulo, alipobeba mchango wa maskini wa Yerusalemu, alitaka watu wengine wafuatane naye, ili mambo yawe mema mbele za Bwana na mbele za watu pia. Basi mjumbe wa kamati ya mapokezi anayekataa kutia sahihi kwa nondo zilizopungua, huyo ahubiri Injili bila kupanda mimbarini.

Limebaki jambo moja, ambalo latugusa sisi wenyewe. Katika mji huo huo wa Bunda iko hospitali teule ya wilaya, mali ya Kanisa, iliyo chini ya Jimbo la Bunda. Kwa miaka mingi Serikali imekubaliana na makanisa kwamba, mahali isipo hospitali yake, ile ya Kanisa iteuliwe kuwatumikia watu wote. Mwaka 1992 mapatano makubwa yalitiwa sahihi kati ya Serikali na makanisa juu ya huduma hizi. Sasa Serikali inapojenga yake jirani, wengine huuliza kwa hofu: Je, watumishi wataondolewa? Je, msaada utapungua? Tusidanganyane, hofu hiyo ina msingi.

Lakini tujihadhari tusije tukatumia uchunguzi wa Serikali kama ua wa kulinda shamba letu. Huko Marekani, jimbo la New York lilitunga mwaka 1964 sheria ya kumtaka kila ajengaye hospitali athibitishe kwanza haja yake, na mwaka 1974 nchi nzima ikasukumwa kufuata. Shabaha ilikuwa njema: kuzuia gharama za majengo yasiyohitajiwa. Baadaye wengi walilalamika kuwa hospitali zilizokwisha kuwapo zilitumia sheria hiyo kuwazuia wageni, na katika miaka ya 1980 sheria ile ya taifa ikafutwa, ingawa majimbo mengi yameendelea na zake. Fundisho ni dhahiri. Swali la haki halisemi: Mlango huu utakuwa na jina la nani? Lasema: Akija huyu, ni mgonjwa gani atakayefikiwa ambaye jana hakufikiwa, na akidhoofika yule, ni mgonjwa gani atakayeachwa?

Hospitali ya Bugando yatufundisha uvumilivu katika hilo. Maaskofu wetu waliijenga, Mwalimu Nyerere akaifungua mwaka 1971. Mwaka 1972 ikatwaliwa na Serikali. Mwaka 1985 ikarudishwa kwa maaskofu. Wenye mamlaka walibadilika, lakini wagonjwa wa Kanda ya Ziwa waliendelea kupanda kilima kile. Papa Yohane XXIII, katika barua yake ya mwaka 1963 juu ya amani duniani, ayataja matibabu miongoni mwa haki za mtu. Haki hiyo haina dini wala chama. Kwa hiyo wakae meza moja, wa Serikali na wa Kanisa, kabla ya tofali la kwanza: huku pawe na upasuaji, kule pawe na macho, huku wafunzwe wauguzi, kule watunzwe watoto njiti. Mji mmoja waweza kuwa na hospitali mbili bila hata moja kuwa ya ziada, zikipangwa kama ndugu, si kama wachuuzi wa soko moja.

Basi, akina baba na akina mama, msisubiri siku ya kukata utepe. Siku yenu ni ile ya mkutano wa mtaa, wakati viti vingi viko wazi. Nendeni mkaulize kwa adabu: Fedha ya kumalizia iko wapi? Watumishi watatoka wapi? Maji yatatoka wapi? Nani atanunua dawa mwaka wa tatu? Jalada limefika wapi, na tangu lini? Mkijibiwa, saidieni kazi kwa mikono yenu. Msipojibiwa, ulizeni tena, kama mjane yule.

Nanyi mnaokaa mezani na kuandika neno nimeidhinisha, kumbukeni kwamba kalamu zenu ziko karibu na kitanda cha mgonjwa kuliko mnavyodhani. Siku ya mwisho Bwana hatauliza tu kama tulimtazama alipokuwa mgonjwa. Kwa wengine wetu swali laweza kuwa: Nilipokuwa mgonjwa, jalada langu lilikuwa wapi?

Mtakatifu Kamilo, msimamizi wa wagonjwa na wa hospitali, awaombee wajenzi, wakaguzi na waganga wa Manyamanyama na wa nchi yetu yote.